Daktari Anajibu: Kujifunza kuchungulia ndani ya ndege na kobe bila kuwapasua

Katika toleo lililopita nilitaja kwa mistari michache kwamba ugonjwa wa ukungu katika mifuko ya hewa ya ndege unaweza kuonekana kwa darubini nyembamba, iitwayo endoskopu, mgonjwa akiwa bado hai, na mistari hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa kiini cha jambo, yaani namna daktari wa mifugo wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini anavyoweza kujifunza kazi hii mpaka akaaminiwa nayo.

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni daktari wa mifugo mwenye kituo kidogo mjini Iringa, nilihitimu Morogoro miaka minne iliyopita. Kazi yangu ya kila siku ni ng'ombe wa maziwa, mbwa na kuku wa mayai. Mwezi wa sita mteja aliniletea kasuku wa kijivu aliyekonda, akihema kwa mdomo wazi. Nilimpa antibayotiki kwa siku saba, akafa. Nilipompasua nilikuta mifuko ya hewa imejaa mabaka meupe yenye vumbi la kijani juu yake. Ninaumia kwa sababu nilitibu nisichokijua. Je, nikinunua mashine ya endoskopi nitaweza kuwatambua wagonjwa wa namna hii mapema? Na je, ni lazima niende nje ya nchi kujifunza?
*Daktari wa mifugo, Iringa*

Jibu: Marahaba, daktari mwenzangu, na pole kwa kumpoteza mgonjwa. Ulifanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: ulimpasua baada ya kufa badala ya kumfukia, na kwa kitendo hicho umekwisha kuyaanza mafunzo unayoyaulizia. Mabaka uliyoyaona ndiyo sura ya kawaida ya ukungu uitwao Aspergillus, na antibayotiki haina nguvu juu ya ukungu. Maswali yako mawili nitayajibu kwa pamoja, nami nasema wazi tangu mwanzo kwamba mashine usiinunue kwanza. Funza mkono na jicho, kisha mashine imkute mtu anayejua anachokitafuta.

Kifaa chenyewe ni bomba la chuma lisilopindika. Linalotumika zaidi kwa ndege, kobe, mijusi na wanyama wadogo wengine lina kipenyo cha milimita 2.7, unene unaozidi kidogo njiti ya kiberiti, na urefu wa sentimita 18. Ndani yake zimepangwa fimbo za kioo kwa mpango aliobuni mwanafizikia Mwingereza Harold Hopkins mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndiyo sababu picha hutoka angavu ijapokuwa bomba ni jembamba kiasi hicho. Ncha yake imekatwa mshazari ili utazame kwa pembe ya nyuzi 30. Bomba hilo huvalishwa ala ya chuma yenye kipenyo cha milimita 4.8, na kando yake ndani ya ala hiyo ipo njia nyembamba inayopitisha koleo la milimita 1.7 la kunyofoa kinyama cha kupima. Nyuma hufungwa kamera na waya wa mwanga, na picha huonekana kwenye skrini. Kwa tundu moja lisilozidi upana wa punje ya hindi unaona ini, figo, pafu na moyo wa kiumbe ambaye akipasuliwa kwa kisu cha kawaida huenda asiamke.

Nimechoka kusikia kwamba utaalamu huu ni wa hospitali za binadamu na kwamba sisi tunauazima tu. Mwaka 1901 daktari Mjerumani Georg Kelling alijaza hewa iliyochujwa katika tumbo la mbwa, akaingiza darubini na kulitazama tumbo hilo kutoka ndani mbele ya wenzake mjini Hamburg. Mgonjwa wa kwanza kutazamwa kwa njia hiyo ya kujaza hewa alikuwa mbwa, na binadamu walifuata baadaye.

Kwa ndege kazi hii ina faida ya pekee. Ndege wengi wana mifuko tisa ya hewa iliyounganishwa na mapafu, na hawana kiwambo cha misuli kinachotenga kifua na tumbo kama tulivyo sisi. Hewa hiyo inayoizuia ultrasaundi isione kitu ndiyo inayomfungulia njia mwenye endoskopu: hakuna haja ya kujaza gesi, kwa kuwa nafasi ipo tayari. Unapopenya ukuta wa mwili upande wa kushoto, nyuma ya ubavu wa mwisho, unatokea ndani ya chumba chenye kuta zinazong'aa kama nailoni mpya. Mbele yako ni pafu la rangi ya waridi lililokaa kama sifongo. Ukigeuka nyuma na kupita utando mmoja, unaikuta figo ya kahawia, na juu ya kichwa chake, karibu na tezi ya adrenali yenye rangi ya njano, ipo ovari au korodani. Ovari ya ndege mchanga hufanana na mayai ya samaki yaliyokaa fungu moja. Korodani ni laini na ndefu kidogo, kama punje ya haragwe. Tunaingilia kushoto kwa sababu ndege jike, kwa spishi nyingi, ana ovari moja tu inayofanya kazi, nayo iko kushoto. Mabaka ya ukungu ungeyaona hapo hapo juu ya nailoni ile, mgonjwa akiwa bado na nafasi ya kutibiwa.

Sasa mafunzo. Ukiwasikia waliobobea, nao ni watu kama Michael Taylor aliyefanya kazi Guelph nchini Kanada na Stephen Divers wa Chuo Kikuu cha Georgia nchini Marekani, utakuta hatua ni zilezile: mazoezi ya mikono kwenye sanduku, kisha mizoga, kisha mnyama hai mbele ya macho ya mwalimu. Chuo Kikuu cha Georgia kimekuwa kikiendesha kozi fupi za aina hii kwa madaktari, na ukipata ufadhili wa kwenda, nenda. Lakini hatua mbili za kwanza hazihitaji pasipoti, na ninawajua madaktari waliosafiri mbali wakapoteza siku ya kwanza nzima wakijifunza kushika kifaa, jambo ambalo wangeweza kulimaliza wakiwa Mafinga au Tukuyu.

Anza na sanduku. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye kifuniko, toboa matundu mawili, na ununue ile kamera ya waya ambayo mafundi wa magari huichomeka kwenye injini na kuiunganisha na simu. Funika ndoo ili usione ndani isipokuwa kwa skrini. Mimina punje za mchele na maharage ndani, kisha kwa koleo refu uhamishe punje moja moja kutoka kisahani hiki kwenda kile. Utaona maajabu: ukipeleka mkono kulia, ncha ya kifaa inakwenda kushoto, kwa sababu tundu ni kama mhimili wa mizani, na skrini haina kina, hivyo punje unayodhani umeigusa bado iko mbele yako kwa sentimita nzima. Ubongo hujifunza kugeuza hesabu hiyo, ila huhitaji muda, na dakika ishirini kila siku zina faida kuliko Jumamosi moja nzima. Ukishazoea punje, weka nusu ya chungwa na ujaribu kuchuna utando mweupe bila kutoboa kifuko cha maji. Ninakuomba jambo moja tu: kamera hiyo ya fundi isiingie kamwe katika mwili wa mnyama hai, kwa kuwa haiwezi kutakaswa ipasavyo na ncha yake hupata joto.

Hatua ya mizoga ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na huku kwetu tumebarikiwa kwa kuwa kuku wapo kila kona. Kuku ni ndege. Mpangilio wa viungo vyake ni wa korongo taji wa Usangu na wa kasuku wako, tofauti ikiwa ya ukubwa na ya mambo madogo. Tafuta vifaranga wakubwa na majogoo wachanga waliochinjwa muda huohuo, usitumie kuku wa mayai waliochoka, kwani viini vya kila ukubwa na mafuta hujaza nafasi yote na mwanafunzi haoni kitu. Usitumie pia mzoga wa kuku aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana. Ugonjwa wa kuambukiza kama mdondo haujali kwamba wewe uko mafunzoni, na utaubeba hadi kwenye banda la mteja wa kesho. Mlaze mzoga kwa ubavu wa kulia, vuta mguu wa kushoto mbele, tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho, kata ngozi milimita chache, kisha penya msuli kwa koleo butu. Utasikia ukinzani halafu ghafla unaachia. Hisia hiyo ya kuachia ndiyo kitu ambacho kitabu hakiwezi kukupa. Ukimaliza kutazama kwa endoskopu, mfungue kuku wote kwa mkasi na uhakikishe kwamba ulichokiita figo ni figo kweli. Mimi huwaambia vijana wanaofanya kazi nami kwamba wasimguse ndege hai kabla ya kupitia mizoga 30 namna hii, wakiandika kila mmoja katika daftari: niliingilia wapi, niliona nini, nilikosea nini.

Niruhusu nikueleze kosa langu. Katika mafunzo ya kwanza niliyohudhuria, miaka mingi iliyopita, nilikuwa nimefanya mizoga sita tu, nami nilidhani inatosha. Nilipopewa ndege hai aliyelala usingizi wa dawa, niliingiza ala na kuisukuma mbele kabla picha haijatulia. Skrini ikawa nyekundu yote. Mkono wangu ulitaka kuendelea kusukuma ili nipate mahali peupe, na mwalimu akaushika kifundoni. Akaniambia niitoe darubini, niifute kwa chachi yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, nihesabu hadi sitini, kisha nirudi kwa njia ileile polepole. Nilikuwa nimeligusa ini. Damu ilijifunga yenyewe, na ndege yule aliamka, lakini sijasahau jinsi sekunde zile zilivyokuwa ndefu. Kasuku mdogo wa shingo ya manjano, yule wa asili ya Tanzania anayeruka kwa makundi katika mibuyu ya upande wa Ruaha, ana uzito wa gramu 50 hivi, na damu yake yote ni kama mililita 5, yaani kijiko cha chai. Kwa mgonjwa wa namna hiyo kosa langu lingekuwa kifo. Kanuni niliyotoka nayo ni kwamba kifaa hakisogei mbele isipokuwa jicho limekwisha kuona kinakokwenda.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoanza hulikosea nalo halisemwi vya kutosha. Kwa kuwa ncha imekatwa mshazari, hutazami mbele moja kwa moja. Unatazama upande ulio kinyume na pale waya wa mwanga ulipofungwa. Ukitaka kuona juu, waya unaushusha chini. Kamera yenyewe inabaki wima ili mbingu ibaki juu na ardhi chini kwenye skrini, na kinachozungushwa ni darubini peke yake kwa kidole. Mtu akilielewa hili, eneo analoliona huongezeka mara kadhaa bila kusogeza chuma hata kidogo ndani ya mwili. Asiyelielewa huchokonoa huku na huku, na kila kuchokonoa ni jeraha.

Kuhusu kununua, nina ushauri ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Seti kamili ni ghali mno kwa kituo kimoja kinachoona kasuku wawili au watatu kwa mwaka, na kifaa kinacholala kabatini huharibika pamoja na ujuzi wa mwenyewe. Madaktari wanne au watano wa Iringa, Njombe na Mbeya wakichangia seti moja, wakaiweka kwa mmoja wao na kukubaliana siku za mazoezi, watakuwa na kazi ya kutosha kuiweka mikono yao hai. Zungumzeni pia na Chuo Kikuu cha Sokoine mlikosomea, ambako ndiko wanyama hai wanaweza kutumika kufundishia kwa kibali cha kamati ya maadili na chini ya usimamizi. Kufanya mazoezi ya kwanza kwa mnyama wa mteja, bila mwalimu na bila mteja kujua, ni jambo nisiloweza kulitetea. Aidha, ombeni nafasi ya kusimama na kutazama katika hospitali yenye upasuaji wa matundu madogo. Madaktari wa binadamu niliowaomba walinipokea kwa furaha, na muuguzi wa chumba cha upasuaji alinifundisha kutunza vifaa kuliko mtu mwingine yeyote: shika darubini kwa kichwa chake na si kwa bomba, usikunje waya wa mwanga kwa duara dogo kwa kuwa nyuzi zake za kioo hukatika moja moja, usiiweke kwenye otoklevu, yaani chombo cha kutakasia kwa mvuke wa moto, kama mtengenezaji hajaandika kwamba inaruhusiwa, na ukiitakasa kwa dawa ya kulowekea, isuuze kwa maji safi yaliyotakaswa mpaka uwe na hakika, kwani mabaki ya dawa huunguza utando wa mifuko ya hewa.

Mwisho wa swali lako ni maabara. Macho peke yake hayatoshi. Mabaka meupe yanaweza kuwa ukungu, kifua kikuu cha ndege au kitu kingine. Nyofoa kinyama, kigawe, sehemu moja iingie kwenye fomalini ya asilimia 10 na nyingine ibaki kavu na safi kwa ajili ya kuotesha. Hapo Iringa mnacho kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania; wapigie na uwaulize wanapokea nini na katika chombo gani kabla hujamlaza mgonjwa, usisubiri mpaka sampuli iwe mkononi.

Swali: Nasimamia bustani ndogo ya wanyama yenye kibali, nje kidogo ya jiji la Mbeya. Tuna kobe wadogo 11 ambao wameanguliwa hapahapa na hatujui wapi majike wapi madume. Mtaalamu mmoja aliyepita alisema wanaweza kutazamwa ndani kwa kamera. Je, si hatari? Na kuna ulazima?
*Mtunza wanyama, Mbeya*

Jibu: Mtaalamu huyo alisema kweli. Kobe mchanga hana alama ya nje ya kuaminika. Mkia mrefu na tumbo lililobonyea la dume huja baada ya miaka. Kwa kobe wengi jinsia haikuamuliwa na mbegu bali na joto la mahali mayai yalipolala, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba wote 11 ni wa jinsia moja, hasa kama mayai yote yalikaa katika kisanduku kimoja. Njia ya kuingilia ni kwenye shimo laini lililo mbele ya mguu wa nyuma, kati ya gamba la juu na la chini, na kwa hiyo gamba halikatwi. Ndani hujazwa gesi kidogo kwa shinikizo dogo sana, au maji ya chumvi yaliyotakaswa na kupashwa uvuguvugu, na katika maji hayo viungo huelea vizuri mbele ya darubini. Nawakumbusha madaktari wanaosoma hapa kwamba jambo hilo la maji ni la kobe. Ukimimina maji katika mfuko wa hewa wa ndege umemzamisha.

Hatari ipo katika usingizi kuliko katika tundu. Kobe anaweza kubana pumzi kwa muda mrefu sana, hivyo dawa ya kuvuta kwa barakoa mara nyingi haimlazi. Huchomwa sindano, hupitishiwa mpira kooni na hupuliziwa hewa kwa mkono mpaka aamke. Mwili wake huendeshwa na joto la mazingira. Kobe aliyetolewa nje asubuhi ya mwezi wa saba hapa Mbeya, akachomwa sindano akiwa bado baridi, atachelewa kulala, mtu ataongeza dozi akidhani haikutosha, kisha hataamka hadi kesho yake, au hataamka kabisa. Mnyama apashwe joto siku nzima kabla, na abaki katika joto hadi atembee mwenyewe.

Kuhusu ulazima, ningekuwa mimi ningesubiri, ikiwa lengo ni kujua tu. Kama mnataka kuwatenga ili wasizaliane, au kama ni kobe bapa wa nyufa za mawe, ambaye biashara yake ya kimataifa ilibanwa zaidi mwaka 2019 kwa kuingizwa katika orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, na kila jozi ina thamani kwa uhifadhi, hapo sababu ni nzito na kazi inafaa kufanywa na mtu aliyefunzwa. Akija, mwombe awafanye wote siku moja na muandike matokeo pamoja na alama ya kila kobe, kwani nimewahi kuona kazi nzuri ikipotea kwa sababu namba zilifutika kwenye magamba.

Swali: Shikamoo daktari. Nina stashahada ya afya ya mifugo na nafanya kazi Njombe chini ya daktari ambaye ameanza kujifunza endoskopia. Yeye ananiita nimsaidie, lakini sioni nafasi yangu kwa kuwa sitaruhusiwa kushika kisu. Je, nipo pale kwa ajili ya kubeba mizigo tu?
*Msomaji, Njombe*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ni kweli kwamba Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imetenganisha kazi za daktari na za wataalamu wasaidizi, na upasuaji ni wa daktari aliyesajiliwa. Lakini katika kazi hii daktari anatazama skrini, hamtazami mgonjwa. Mtu pekee anayemtazama mgonjwa ni wewe. Ndege akipunguza kupumua, daktari aliyezama katika picha nzuri ya figo hataona. Utaona wewe, na ni lazima uwe na ujasiri wa kusema simama. Ninamsihi daktari wako, kama anasoma hapa, akuzoeze kulisema neno hilo na alitii mara moja.

Hapo Njombe kazi yako kubwa itakuwa joto. Mwili wa ndege una joto la kati ya nyuzi 40 na 42, na ukimng'oa manyoya mengi na kumpaka spiriti kwa pamba iliyolowa katika chumba cha Njombe mwezi wa saba, anapoa upesi kuliko unavyodhani. Ng'oa manyoya machache tu mahali pa kuingilia, tumia dawa ya kusafishia kidogo, na funga madirisha mapema. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo zikae kando yake bila kugusa ngozi, na zibadilishwe kabla hazijapoa, kwa sababu chupa iliyopoa humnyonya joto badala ya kumpa. Baridi hiyohiyo huleta ukungu wa mvuke kwenye kioo cha darubini mara inapoingia katika mwili wenye joto. Loweka ncha katika maji ya chumvi ya uvuguvugu kwa dakika moja kabla ya kumkabidhi daktari, na utashangaa jinsi hasira zinavyopungua chumbani. Jifunze pia kupima uzito wa mgonjwa kwa mizani ya gramu, kuhesabu dozi na kuzirudia kwa sauti, na kuandika mapigo na pumzi kila dakika tano. Kwa upande wa dawa za maumivu, kagua chupa mara mbili. Meloksikamu hutumika kwa ndege kwa usalama mkubwa, ilhali diklofenaki huua figo za tai mzoga, na ninyi mnaopakana na mbuga mnaweza kuletewa tai mzoga siku yoyote.

Swali: Mimi ni mwanafunzi, nyumbani kwetu ni karibu na Hifadhi ya Ruaha. Naomba kujua kama endoskopu inaweza kutumika kwa mnyama wa ukubwa wowote, kuanzia chura hadi tembo.
*Mwanafunzi, Iringa*

Jibu: Karibu kwa kila ukubwa, isipokuwa kifaa hubadilika. Kwa tembo imewahi kufanyika: nchini Afrika Kusini tembo dume wa porini wamefungwa uzazi kwa laparoskopi, yaani upasuaji wa tumbo kwa darubini na matundu madogo, wakiwa wamelazwa usingizi na kuinuliwa kwa winchi ya lori ili wakae kama wamesimama, na vifaa vikiwa vimetengenezwa maalumu kwa urefu unaovuka ngozi na mafuta ya mnyama huyo. Upande wa wadogo kuna mpaka. Chura wa Kihansi, yule anayezaa watoto badala ya kutaga na ambaye alirudishwa nchini mwaka 2010 akitokea katika bustani za wanyama za Marekani, hafiki hata sentimita 3 akiwa mzima, na darubini ya milimita 2.7 kwake ni kama mlingoti. Vinyonga wenye pembe tatu wa Milima ya Poroto wanatosha kwa darubini ya milimita 1.9, kwa mkono uliozoea. Ukifika Morogoro kusoma udaktari wa mifugo, na ninatumaini utafika, uliza mapema maabara ya anatomia iko wapi na uombe kubaki baada ya kipindi kila wanapopasua ndege.